Zile sehemu za "hiari" kwenye waraka wa matibabu: mama asiziruke

Dada, umesema mama yako hapo Nakuru ametumiwa fomu ya maagizo ya matibabu na ndugu aliye Marekani, na unauliza kama aruke zile sehemu zilizoandikwa "hiari" ili atie sahihi mambo yaishe. Nitakujibu kwa yaliyotupata, maana baba yangu aliziruka.

Sisi tunaishi Kisumu lakini boma liko Butere. Baba alikuwa mwalimu mstaafu. Mwaka 2019 alimzika rafiki yake aliyekaa kwa mashine muda mrefu, akarudi nyumbani akisema yeye ataandika mapema anavyotaka atibiwe siku atakaposhindwa kusema. Binamu yangu ni nesi California, akatutumia fomu ya huko iwe kielelezo. Sehemu ya kwanza unamtaja mtu wa kukuamulia, ya pili unaandika maagizo yako, ya tatu ni kutoa viungo, ya nne ni jina la daktari wako. Fomu yenyewe inakwambia ujaze yote au kipande tu, na ufute usichokitaka. Baba akamtaja mama. Akaandika kwamba hataki mashine ya kupumulia kama hakuna matumaini. Kwingine kote akapiga mstari. Nilimwonyesha nafasi ya mtu wa pili, iwapo wa kwanza hapatikani, akanitazama juu ya miwani: "Hiari ni hiari."

Mama alitangulia mwaka 2021. Katika matanga yale hakuna aliyekumbuka karatasi.

Mwaka uliofuata baba akapigwa na kiharusi. Ndugu yangu aliendesha gari usiku hadi Butere kuutoa waraka kwenye sanduku la hati za shamba, ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye alama ya duka la viatu. Daktari akausoma wote, akauliza, "Huyu mama yuko wapi?" Tukatazamana. Baba mkubwa, aliyekuwa amefika na matatu ya asubuhi, akasema mtoto hawezi kumwamulia mzee, kwa hiyo ataamua yeye. Karatasi ya baba haikumpa hiyo nafasi, lakini nani kati yetu angemwambia hivyo pale koridoni?

Mashine haikuhitajika hata kidogo. Kilicholeta shida ni mpira wa kulishia puani. Upande wa kulia wa baba ulikuwa umekufa, wa kushoto una nguvu, na kila usiku aliuchomoa. Mara ya tatu manesi wakaufunga mkono wake kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji. Fundo lilikuwa la kipepeo, kama kamba za viatu vya mtoto wa nasari. Ndugu yangu akasema mzee anakataa, aachwe. Baba mkubwa akasema kwetu mtu hafi njaa watu wakiwa wamesimama, uji upite. Tukarudi kwenye karatasi: imetaja mashine ya kupumulia, basi. "Mpira si mashine," akasema baba mkubwa, na kwa maandishi yaliyokuwepo alikuwa sahihi. Mimi mpaka leo sijui kama baba alikuwa anakataa au pua ilikuwa inamwasha. Alifariki wiki ya sita, mpira ukiwa puani.

Kwa hivyo mama yako aanze na nafasi ya mtu wa pili, hata wa tatu. Halafu chakula na maji ya mpira, kando na mashine: ataka, hataki, au ataka kwa muda fulani kisha waache. Fomu ya California ina kifungu cha maumivu kilichochapwa tayari, kwamba dawa ya kutuliza itolewe wakati wote hata kama itaharakisha kifo, isipokuwa wewe mwenyewe uandike vingine. Akisome polepole. Nimeona watu wakiogopa mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, kana kwamba ni sumu, na mgonjwa analia usiku kucha.

Sasa sheria ya kwetu, kwa sababu fomu ya California ni ya California. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inasema mgonjwa akishindwa kutoa idhini, anaweza kuitoa mtu aliyepewa mamlaka hayo na mgonjwa kwa maandishi. Hapo ndipo pa kushika. Mwambie wakili waraka utaje kifungu hicho. Wosia wa mali hausaidii, huo huanza kazi mtu akishakufa. Na ile hati ya kumruhusu mtu auze shamba kwa niaba yako msiitegemee wodini. Kuomba kudungwa sindano ya kufa halimo kabisa, hilo ni jinai. Kukataa mpira ni jambo jingine.

Viungo: sheria hiyo hiyo inakubali mtu kuvitoa kwa wosia, kwa hati yenye mashahidi wawili, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Kama mama hataki, aandike hataki, msije mkaulizwa mkiwa na machozi.

Ile sehemu ya jina la daktari: daktari wa kudumu sisi wengine hatuna, tunatibiwa na aliye zamu. Aandike kliniki yenye faili lake.

Mazishi ndiyo watu hupenda kuyachomeka humo, na hapo nakuonya. Mtu wa huku hahitaji kusimuliwa kesi ya wakili S.M. Otieno: alifariki Desemba 1986, mjane akadai mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo ukadai mwili, na mwaka 1987 mahakama ikaupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Matakwa ya maziko huheshimiwa lakini hayawafungi watu. Mama ayaandike, ila ayaseme kwa mdomo pia mbele ya wazee wenu.

Waraka wangu mwenyewe niliuandika mwaka jana. Wa kuniamulia nilimtaja kwanza mume wangu, kisha dada yangu iwapo mume hapatikani, na baba mkubwa nikamwomba awe shahidi. Nilitaka ausome akiwa mzima na mimi nikiwa mzima. Alifika kwenye mstari wa mpira, akanyamaza kidogo, akauliza, "Wiki mbili, kisha?" Nikamwambia kisha wautoe mpira, wanipake maji midomoni. Akatia sahihi.

Nakala moja iko kliniki, moja kwa dada, na picha iko kwenye simu ya mume wangu. Sandukuni sikuweka.

Na kama wewe uko mbali, usikubali kuwa wa kwanza kwenye orodha ya mama. Aliye Nakuru ndiye atakayepigiwa simu saa nane usiku.