Barua zenu: Sauti haitibiwi kwa kubahatisha

Safari hii barua zimekuja nyingi za sauti na masikio, na nilipozisoma zote kwa pamoja nikaona karibu kila moja ina kitu kimoja kinachofanana: mtu kapewa dawa, kapewa nyingine, kaongezewa ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyeangalia ndani. Kwa iyo ntajibu chache tu ila ntazijibu kwa kirefu pale panapohitaji.

Daktari shikamoo. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, nina miaka 36. Sauti ilianza kukwaruza mwanzo wa muhula na sasa huu ni mwezi wa tatu. Asubuhi afadhali kidogo, ikifika mchana inakata kabisa nabaki nanong'ona tu ili niipumzishe. Sina homa, koo haliumi. Nimeshameza antibayotiki dozi tatu tofauti, hamna kitu. Nilikua naimba kwaya, saivi noti za juu zimepotea zote. Kuna mtu kaniambia nina vinundu nikatwe. Naogopa sana.

Marahaba mwalimu. Pole, na kwanza kabisa naomba uache hizo antibiotiki maana hazina kazi hapo. Huna homa, huna maumivu, miezi mitatu, bakteria gani huyo? Sauti kupwea ghafla mara nyingi inatokana na mafua, yaani virusi, na inaisha yenyewe ndani ya wiki moja mbili. Ikivuka wiki tatu mpaka nne haijarudi, hapo si mafua tena na hapo hakuna dawa ya kukisia, ni lazima mtu aone nyuzi za sauti kwa macho yake.

Ngoja nikueleze kinachotokea. Ndani ya zoloto, pale panapojitokeza mbele ya shingo, kuna nyuzi mbili za sauti, tunaita nyuzi lakini ni mikunjo miwili laini iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Ukivuta pumzi zinaachana, ukiongea zinakutana na hewa inayotoka mapafuni inazitikisa. Kwa mwanamke zinagongana kama mara 200 kwa sekunde moja, kwa mwanaume kama 100 na kitu. Sasa piga hesabu, saa moja ya kufundisha, hata ukitoa mapumziko ya hapa na pale, unahesabu migongano laki kadhaa, na ukipaza sauti zinagongana kwa nguvu zaidi. Ukifanya ivyo siku tano kwa wiki, pale zinapogusana sana panaanza kuota ugumu kama sugu ya kiganja cha mtu wa jembe. Hivyo ndo vinundu, na mara nyingi vinatokea pande zote mbili vikitazamana, ndo maana nyuzi hazifungi vizuri tena, hewa inavuja katikati, sauti inakua ya kukwaruza, na noti za juu ndo zinaenda za kwanza kwa sababu zinahitaji nyuzi nyembamba zilizonyooka vizuri.

Kwa maelezo yako, afadhali asubuhi, mbaya mchana, noti za juu kupotea, vinundu vinawezekana kabisa. Lakini sijakuona, na aliyekuambia ukatwe naye hakukuona ndani, kwa iyo wote wawili tunakisia. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Atakupulizia ganzi kidogo puani, apitishe kamera nyembamba kama mrija, akuambie useme "iiii", na ndani ya dakika chache ataziona nyuzi zako zikicheza. Haiumi, inakera tu kidogo na machozi yanaweza kukutoka. Kuna mahali wana taa ya stroboskopi, inawakawaka kwa kasi inayokaribiana na ya sauti yako kiasi kwamba mtikisiko unaonekana kama unaenda polepole, na hiyo inaonyesha ata kovu dogo au uvimbe uliojificha chini ya ngozi ya uzi.

Na hili napenda walimu walijue: mtu aliyeanzisha njia ya kuangalia nyuzi za sauti hakua daktari, alikua mwalimu mwenzako, Manuel García, Mhispania aliyekua akifundisha kuimba. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiweka nyuma ya koo lake mwenyewe, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo kingine cha mkono, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya wanasayansi London. Alitaka tu kujua sauti ya mwanafunzi inatoka wapi. Sasa sisi tuna kamera, alafu bado mtu anamaliza miezi mitatu hajaangaliwa, inaniuma kwa kweli.

Wakikuta ni vinundu, kisu sio cha kwanza. Tiba yake ni mtaalamu wa tiba ya sauti, vikao kadhaa kwa wiki nyingi, anakufundisha kupumua kwa tumbo, kuanza sentensi bila kugonga koo, kutoa sauti mbele ya uso badala ya kuibana shingoni. Kuna zoezi la kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku unatoa sauti ya "uuu", watu wanaliona kama mchezo lakini linapunguza nguvu ya kugongana kwa nyuzi. Wengi vinundu vinapungua mpaka vinaisha. Ukikatwa alafu ukarudi kupiga kelele vilevile, vinarudi. Upasuaji tunauacha kwa vile visivyosikia mazoezi, na kwa uvimbe wa aina nyingine, mfano polipu, ambayo mara nyingi iko upande mmoja na inaweza kutokea baada ya ukelele mmoja tu uliopasua kamshipa kadogo ka damu, hiyo mara nyingi inahitaji kutolewa. Unaona kwa nini lazima kuangalia? Sauti ya mkwaruzo ni ileile, magonjwa ni mawili, tiba mbili.

Mwalimu, acha kunong'ona. Najua unadhani unaipumzisha lakini kunong'ona kwa kulazimisha kunaibana zoloto, wengi wanajichosha zaidi. Ongea kwa sauti ndogo ya kawaida au nyamaza kabisa. Usikohoe kohoe kusafisha koo, meza mate au unywe funda la maji. Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi (yakipita utapaliwa), ila mwili ukiwa na maji ya kutosha ute wake unakua mwepesi. Omba maiki ndogo ya darasani kama inawezekana, piga makofi badala ya kuita, usiongee ukiwa umewageuzia mgongo unaandika ubaoni. Na kama una kiungulia, au unaamka na uchachu kooni, mwambie daktari, lakini usianze vidonge vya kupunguza asidi kwa sababu tu sauti imepwea.

Kwa wengine wanaosoma hili, kuna wasiopaswa kusubiri hizo wiki tatu: anayevuta sigara, anayepumua kwa mlio, anayetema damu, anayepata shida kumeza, mwenye uvimbe shingoni, na yule ambaye sauti imebadilika baada ya operesheni ya shingo, kama ya goita, au baada ya kuwekewa mpira wa kupumulia. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoendesha uzi wa kushoto inashuka mpaka kifuani, inapita chini ya mshipa mkubwa wa moyo, ndo inapanda tena shingoni, kwa iyo ata ugonjwa wa kifua unaweza kuanza kujitangaza kwa sauti.

Daktari, naandika kwa niaba ya mume wangu maana yeye anasema ni kitu kidogo. Ana miaka 58, anavuta sigara tangu ujana. Sikio la kulia linamuuma mwezi wa pili sasa. Kapewa dawa za matone aina tatu. Wanasema sikio ni safi. Akimeza anasema kuna kitu kinakwaruza upande huohuo, na mi naona sauti yake imekua nzito kuliko zamani.

Dada yangu, umefanya vizuri sana kuandika, na jibu langu ni fupi kwanza: mpeleke wiki hii. Sikio likiuma na ndani ni safi, tatizo haliko sikioni. Neva zinazohudumia koo na zoloto ndo hizohizo zinatoa vitawi kwenda sikioni, ubongo unapokea maumivu unashindwa kujua yametoka wapi, unayasoma kama ya sikio. Inaweza kua jino la nyuma, inaweza kua kiungo cha taya, inaweza kua mafindofindo. Lakini kwa mtu wa umri wake, sigara miaka yote hiyo, upande mmoja, na kumeza kunakwaruza na sauti imebadilika, kitu cha kwanza cha kuondoa mashaka ni saratani ya koo au ya zoloto. Sisemi anayo. Nasema asipewe chupa ya nne ya matone kabla kamera haijapita.

Wakiona sehemu yenye mashaka watamlaza kwa dawa ya usingizi, wachukue kipande kidogo kwenda maabara, na apigwe picha ya CT ya shingo. Na mwambie hivi, kwa sababu najua wanaume wengi wanakimbia kwa kuogopa kwamba watatobolewa shingo: saratani ya nyuzi za sauti ikikamatwa mapema, ikiwa bado iko kwenye uzi tu, wengi wanapona kwa mionzi au kwa leza na wanabaki na sauti yao. Inayofanya watu wapoteze zoloto zima mara nyingi ni kuchelewa. Nimeshakaa na familia ambazo mgonjwa alitiwa matone nusu mwaka mzima, na sitaki uwe mmoja wao. Sigara aache leo, ata kama itakuja kua ni jino.

Dokta hizi pamba za vijiti, kila siku natoa nta lakini sikio linazidi kuziba, nifanyeje?

Acha pamba. Nta inatengenezwa sehemu ya nje tu ya njia ya sikio na ngozi ya humo inatembea yenyewe kuitoa nje, wewe unairudisha ndani unaishindilia mpaka kwenye ngoma ya sikio. Tia matone machache ya mafuta ya zeituni mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa ilainike, ikigoma daktari ataivuta au kuiosha. Usitie chochote wala usioshwe kama umewahi kutoboka ngoma ya sikio au sikio linatoa usaha. Mishumaa ya sikio pia usiguse, haitoi nta na inaunguza.

Nina miaka 18, ndevu zimeota, urefu nimerefuka, lakini sauti ni ya mtoto wa kike. Kwenye simu wananiita dada. Nimeacha kuongea mbele za watu. Je, ni homoni?

Mdogo wangu, barua yako nimeirudia mara mbili. Kama ndevu zimeota na mwili umekomaa, basi homoni kwa dalili zote zimefanya kazi yake na zoloto limekua. Kuna hali ambayo nyuzi zimeshakua za mwanaume lakini misuli imebaki na mazoea ya zamani ya kuzivuta juu, kwa iyo unaongea kwa sauti ya juu bila kukusudia. Jaribu hivi ukiwa peke yako: kohoa kwa nguvu, au sikiliza unavyopiga miayo kwa sauti. Ukisikia mlio mzito umetoka, hiyo sauti nzito ndo yako, ipo.

Daktari atapitisha kamera kuhakikisha nyuzi ni nzima na zote zinatembea, atakuangalia kama balehe imekamilika, akiona mashaka ndo atapima homoni. Baada ya hapo mtaalamu wa tiba ya sauti anaanzia kwenye hicho kikohozi, anakigeuza kua "aaa", alafu neno, alafu sentensi, wakati mwingine anashusha zoloto kwa vidole taratibu. Ni katika tiba za sauti zinazoleta matokeo haraka, wengine vikao vichache tu vinatosha. Siku za mwanzo utaisikia kama sauti ya mtu mwingine na utaona aibu kuitumia nyumbani, waambie mapema watu wako wa karibu ili wasishtuke.

Daktari, nimeamka juzi sikio la kushoto halisikii kabisa, linavuma kama mashine, kizunguzungu kidogo. Duka la dawa wamesema ni nta, nitie mafuta nisubiri wiki mbili.

Hii sikungoja gazeti litoke, kaka nilimjibu siku ileile, naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Sikio moja kupoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja mpaka tatu, ni dharura mpaka daktari athibitishe kua ni nta kweli. Inaweza kua sikio la ndani au neva ndo imepigwa, na hapo dawa ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayotakiwa ianze mapema iwezekanavyo, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Yaani hizo wiki mbili alizoambiwa asubiri ndo hasa muda wa kutibiwa.

Daktari anaweza kutenganisha kwa uma wa sauti, kile chuma kinacholia, anakigonga na kukiweka katikati ya paji la uso. Kama ni nta imeziba, mlio unasikika zaidi kwenye sikio bovu. Kama ni neva, unakimbilia lile sikio lisilo na tatizo. Kipimo cha dakika moja, alafu ndo kipimo kamili cha kusikia kwenye chumba kisicho na kelele, na baadae picha ya MRI kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva.

Kaka alienda. Mlio ulikimbilia sikio la kulia, lile zima. Ameanza vidonge siku ya tano, kipimo cha kusikia atarudia baada ya wiki mbili.