Kipimo cha jeni kabla ya abakavia: je, Mwafrika hakihitaji?

SWALI: Binti yetu ana miaka minne na ameanzishiwa ARV, mojawapo ikiwa abakavia. Nimesoma kwamba Ulaya wagonjwa hupimwa jeni iitwayo HLA-B*57:01 kabla ya kupewa dawa hii, lakini Waafrika hawahitaji kwa kuwa hawana jeni hiyo. Sisi ni Wamaasai. Ni kweli? – Mama, Narok

JIBU: Mama, usemi huo una ukweli kwa baadhi ya Waafrika, lakini kwenu umekosea vibaya. Mradi wa kimataifa wa HapMap, uliochunguza tofauti za jeni kati ya jamii mbalimbali, ulichukua sampuli za Wayoruba wa Ibadan nchini Nigeria, Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa. Kwa Wayoruba jeni hiyo haikuonekana. Kwa Waluhya ilikuwa asilimia 3.3. Kwa Wamaasai ilifika 13.6, kiwango kinachopita hata kile cha Wazungu, ambacho kwa kawaida ni kati ya 5 na 8.

Webuye na Kinyawa zote ziko Kenya, na bado tofauti ni kubwa hivyo. Ndiyo maana naumia nikisikia neno "Mwafrika" likitumika kuamua nani apimwe. Halimwambii daktari lolote kuhusu jeni hii.

Jeni za HLA, zilizo kwenye kromosomu ya 6, zina aina nyingi kupindukia miongoni mwa binadamu. Protini zake hukaa juu ya seli zikiwa zimeshika vipande vidogo vya protini, na askari wa kinga huvikagua ili kujua kama seli imeingiliwa na virusi. Kwa mwenye HLA-B*57:01, abakavia huingia katika kishimo kinachoshika vipande hivyo na kubadilisha vinavyoweza kukaa humo. Kinga huona vipande isivyovizoea, ikaanza kushambulia seli za mwili wenyewe. Huo ndio mzio wa abakavia.

Hapa kuna jambo ambalo maabara zetu zinapaswa kulizingatia sana. Waafrika wengi wenye HLA-B*57 wana aina ya 57:03. Inatofautiana na 57:01 kwa asidi amino (viungo vinavyojenga protini) mbili tu, lakini ziko ndani ya kishimo chenyewe, na 57:03 haileti mzio huu. Majibu yakiandikwa "B57" pekee, bado hujajibiwa. Dai namba zote nne.

Je, kupima kunasaidia? Sana. Jaribio la PREDICT-1 la mwaka 2008, lililohusisha wagonjwa 1,956, lilionyesha kwamba kupima kwanza kuliondoa kabisa mzio uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi. Lilionyesha pia kuwa wenye jeni waliopewa dawa bila kupimwa, karibu nusu yao ndio waliopata mzio. Kwa hiyo kuwa na jeni si ugonjwa, wala si hakika ya kudhurika. Ni sababu ya kuchaguliwa dawa nyingine.

Tafadhali usimsimamishie mtoto dawa kwa hofu. Ulizia kipimo kliniki. Hufanywa mara moja tu maishani. Wakati huohuo, mwangalie kwa makini wiki sita za kwanza: homa, upele, kutapika, maumivu ya tumbo, uchovu, kikohozi au kupumua kwa shida, hasa dalili zikija mbili tatu kwa pamoja na kuzidi kila baada ya dozi. Mpeleke siku hiyohiyo. Mtoto mwenye homa hushukiwa malaria au nimonia kwanza, na ni sawa achunguzwe hayo, ila mwambie mhudumu kuwa anatumia abakavia.

Akisimamishiwa kwa sababu ya mzio, asirudishiwe kamwe. Dozi ya kurudia inaweza kushusha presha ghafla na kuua ndani ya saa chache. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki kwa jina la abakavia, maana mara nyingi huchanganywa na lamivudini, ARV nyingine, katika kidonge kimoja.

Kama ameshaitumia miezi kadhaa mfululizo bila dalili hizi, hatari kubwa imeshapita; aendelee na dozi zake bila kuruka.