Maji hayaondoi uzito wa shanga

Swali: Nafundisha fizikia kidato cha sita. Nimetia shanga za polistirini za milimita 1 kwenye maji ya chumvi hadi zikaelea katikati, nikaiweka chupa juu ya spika. Zinajikusanya. Je, ndivyo punje zinazotikiswa zinavyofanya huko angani zikiwa hazina uzito? Na nikiharakisha mtikisiko, zitatawanyika?

Jibu: Mwalimu, hapana, kwa yote mawili. Maji hayaondoi uzito wa shanga, yanaubeba tu. Gramu 75 za chumvi kwa lita huyapa maji msongamano wa 1.05, sawa na polistirini, basi shanga haizami wala haipandi. Lakini chupa ikijaa pomoni, ukiitikisa maji huenda nayo, na shanga huenda na maji, kwa hiyo ukuta hauipigi kabisa. Ukiacha hewa juu, uso wa maji hufanya mawimbi, mawimbi huzusha mikondo, na mikondo huzoa shanga. Hata zikikutana kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde hazidundi: maji yaliyo kati yao humeza mwendo wote. Na mdundo ndio kiini cha jambo hili.

Bila uzito, kila mgongano hula nishati kidogo. Penye punje nyingi migongano huzidi, mwendo hufifia, na punje zinazofika hunaswa hapohapo. Roketi ya Mini-Texus 5, iliyorushwa Esrange, Sweden, mwaka 1998, ilibeba gololi za bronzi za milimita 0.3 hadi 0.4 katika visanduku vya sentimita 1. Zilipokuwa chache zilitapakaa kama gesi. Zilipozidi, zilifanya bonge lililotulia katikati, mbali na kuta. Kuharakisha mtikisiko hakulivunji: mchezo ni uleule, umekwenda mbio tu. Kinachoamua ni wingi wa punje, nafasi baina ya kuta, na upana wa mtikisiko.

Ukitaka uzito uondoke kweli, angusha kisanduku chenye gololi. Mita 5 hukupa sekunde 1. Mitikisiko 50 kwa sekunde, ya milimita 1 kila upande, huzirusha gololi kwa sentimita 30 kwa sekunde, na hiyo inatosha kuvuka kisanduku mara thelathini hivi. Ila sanduku la sentimita 30 kila upande lenye kilo 5 likianguka peke yake, hewa hulizuia hadi mwishoni gololi zihisi karibu sehemu moja ya kumi ya uvutano, nalo bonge husukumwa ukutani. Basi kisanduku chenye gololi, kitikisio na betri kiwe huru ndani ya sanduku hilo, na sentimita 12 tupu chini yake. Pokea kwa godoro nene, na asisimame mtu karibu.

Video za shanga kwenye jeli au mafuta zinazoitwa "bila uvutano" zinapotosha wanafunzi, tena vibaya. Nao wanaouza vyombo vya kuzungusha polepole kwa kazi hii wanauza kitu cha mimea: mche huchukua dakika kadhaa kutambua chini ni wapi, ndiyo maana mzunguko huupoteza. Gololi huvutwa papo hapo, kila nukta ya mzunguko.