Rangi ije mwisho: kukarabati sebule na chumba cha kulia katika nyumba kuukuu ya shamba

Mtu akipata nyumba kuukuu ya shamba, jambo la kwanza linalomjia akilini ni rangi. Yangu nilikabidhiwa sebule ikiwa imeshapakwa, inang'aa, ila chini ya madirisha rangi ilikuwa imefura mapovu. Ukibonyeza povu kwa kidole linapasuka, na unga mweupe unamwagika sakafuni. Unga huo ni chumvi. Maji hupanda ukutani kutoka ardhini yakiwa yamebeba chumvi, na yanapokaukia juu huiacha hapohapo. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza: usinunue hata kopo moja la rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Anzia nje. Udongo wa bustani hujilundika mwaka hadi mwaka mpaka ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Ukuta wangu wa chumba cha kulia ulikuwa umezikwa namna hiyo, na matundu ya hewa ya chini ya sakafu yameziba kwa mizizi na majani. Tulishusha udongo mpaka ukawa sentimita 20 hivi chini ya sakafu, tukazibua matundu, tukarudishia mifereji ya paa iliyokuwa ikimwaga maji ukutani. Ni kazi ya koleo na jasho tu, lakini ilisaidia kuliko dawa yoyote ya kupaka ukutani. Chumvi iliyobaki iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Usipokuwa na uhakika unyevu unatoka wapi, kata kipande cha karatasi ya foili, kibandike ukutani na uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi. Kiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa yenye mvuke na madirisha yasiyofunguliwa. Yakiwa nyuma, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa. Na ukuta mnene ukishalowa hukauka kwa miezi. Hapo hakuna njia ya mkato.

Kwenye plasta ndiko nilikobishana sana na mafundi. Wengi wanataka kubandua yote na kupiga saruji, kwa sababu inashika haraka na wao wana kazi nyingine inayowasubiri. Ukuta wa mawe au matofali uliojengwa kwa chokaa hutoa unyevu wake kupitia chokaa hiyo. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Yatapanda juu zaidi au yatahamia kwenye mbao. Mtafute fundi anayeijua chokaa, hata kama utamsubiri. Inapigwa kwa tabaka nyembamba, sentimita moja hivi, na kila tabaka hunyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa, maana chokaa hukomaa taratibu kwa kunyonya hewa ukaa. Baada ya hapo paka rangi ya chokaa. Rangi ya mafuta au ya plastiki itaziba ukuta, na mapovu yatarudi.

Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu wala kuipiga msasa kabla haijapimwa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi (Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978), na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Sakafu ya mbao ipime kwa bisibisi. Inua ubao mmoja karibu na ukuta wa nje uchome ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, kwa kuwa kuoza huanzia hapo. Bisibisi ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, kata sehemu iliyooza na uunge mbao mpya. Si lazima ung'oe sakafu nzima, hata fundi akikwambia ni rahisi zaidi. Rahisi kwa nani?

Halafu kuna ule ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia. Kila mgeni aliniambia niubomoe. Mhandisi alipoukagua alikuta umebeba boriti za dari, kwa hiyo tulipanua mlango tu na kuweka linta, yaani boriti ya kubeba uzito, juu yake. Nimeridhika kabisa. Mwanga unapita, na anayesoma sebuleni hasumbuliwi na vyombo vinavyogongana mezani.

Nyaya za umeme zipitishwe kabla ya plasta. Hilo halihitaji maelezo. Ila waya wa taa ya juu ya meza uache mrefu, usining'inize taa mpaka meza iwe mahali pake. Katikati ya chumba si lazima pawe katikati ya meza. Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya viti ziachwe kama 90 ili mtu apite na sahani bila kuomba njia. Ukiyapima hayo, huenda meza ikasogea upande mmoja. Yangu ilisogea kuelekea dirishani. Taa nayo ishushwe mpaka sentimita 75 hivi juu ya meza, kisha ukae kitini uhakikishe haikumulikii machoni.