Kabla Hujamsomea Mama Maelezo ya Daktari

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo alipoanza tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa saratani ya kongosho hapa Ohio, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Daktari akimaliza tu kuandika, simu yangu inalia; nafungua programu ya hospitali, maelezo yote haya hapa. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Marekani Aprili 2021, mgonjwa hacheleweshewi maandishi ya daktari wala majibu ya vipimo, isipokuwa kwa sababu chache. Ndiyo maana majibu ya CT, ile picha ya ndani ya mwili, yanaweza kukufikia hata daktari hajayaona. Mimi yalinikuta Ijumaa jioni dukani, nimepanga foleni na trei la mayai mkononi.

Zima huo mlio. Kubaliana na daktari mapema mtafungua majibu lini, na nani wa kumpigia simu ukikwama.

Halafu zoea lugha yao. Nilipoona herufi SOB kwenye faili la mama nilipandwa na hasira, maana mtaani huku hilo ni tusi. Kumbe kwao ni kifupi cha kupumua kwa shida. Tena huandika kwamba mgonjwa "anakana" maumivu, utadhani yuko kizimbani. Ni kwamba aliulizwa, akasema haumwi. Na hapo ndipo nilipomkamata mama. Kliniki haumwi, usiku anang'ata shuka! Nikamwandikia nesi siku ileile, dozi ya mofini ikapangwa upya.

Lakini na mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nachuja. Nikifika penye ugonjwa hautaponeka, naruka, nakwenda kwenye habari za choo na hamu ya kula. Siku moja akaninyang'anya simu, akapitisha kidole kwenye kioo mpaka chini.

"Maneno yote haya, wewe umeshamaliza?"

Nikasoma nilichoruka. Yalikuwa maneno yake mwenyewe: alishamwambia daktari, kupitia mkalimani wa simu, kwamba anajua haponi na anataka azikwe Tanga, ila anaogopa kututia gharama. Sisi wanawe hatukuwahi kuambiwa. Nilikuwa namficha mama siri yake.

Basi muulize mgonjwa kwanza: asomewe yote, nusu, au asisomewe kabisa? Na msomaji awe nani? Wa kwangu alitaka yote, ila asubuhi, akishakunywa chai. Omba pia uandikishwe rasmi kama mwakilishi wake. Ukitumia nywila yake, hospitali itadhani anayeandika ni yeye.

Mkikuta kosa, mna haki ya kuomba lirekebishwe. La kwetu aliligundua yeye, nilipomsomea kwamba ni mjane.

"Mjane wa nani? Baba yenu mzima, yuko Korogwe na mkewe. Waambie wafute."