Mashine ikisema «Accès refusé»

Mdogo wangu unayeanza kazi mezani kwetu hapa Lubumbashi, mashine itakayokutoa jasho mwanzoni pengine haitakuwa ile yenye kioo kilichopasuka. Itakuwa mashine nzima, inawaka vizuri, lakini kila unachogusa inakujibu «Accès refusé», yaani umekataliwa kuingia. Mteja amesimama mbele yako anasema, "Lakini mashine ni yangu, nilinunua kwa pesa yangu!" Kwa kutaka kumridhisha utaanza kubofya ovyo, na data za watu hupotea hapo.

Nakuambia kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja mhasibu aliniletea mashine yenye folda moja isiyofunguka. Badala ya kuitazama folda ile, nilikwenda kwenye diski C: nzima, nikampa «Tout le monde», yaani kila mtu, udhibiti kamili, nikaamuru ruhusa hiyo ishuke mpaka chini. Kazi ilikuwa katikati umeme ukakatika, na betri ya mashine ilikuwa imekufa zamani. Windows ilipowaka tena, menyu ya «Démarrer» haikufunguka na programu zake za hesabu zikagoma. Nilikesha siku mbili nikinakili data na kusakinisha upya. Nilimwomba radhi, sikupokea pesa yake. Folda ile ilihitaji ruhusa moja tu, kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, jiulize: nani anaomba, anaomba nini, na nani amekataa? Mashine mara nyingi imeshajibu nusu ya maswali hayo kwenye ujumbe ambao watu hawausomi. Kosa namba 5, au 0x80070005, ni kukataliwa kwenyewe: umefika mlangoni na mlinzi amesema hapana. Namba 740 ni jambo jingine. Hapo programu inadai uifungue kwa nguvu za msimamizi, nawe umeifungua kama mtumiaji wa kawaida. Bofya kitufe cha kulia, chagua «Exécuter en tant qu'administrateur», mara nyingi yameisha.

Wateja wengi wanashangaa hapo: "Mimi si ndiye msimamizi?" Ndiye, lakini tangu Windows Vista ya mwaka 2007 msimamizi anapoingia hupewa kadi mbili. Moja ni ya kawaida, anatembea nayo kutwa nzima. Nyingine ina nguvu zote, na hutolewa pale tu skrini inapofifia na kuuliza «Oui» au «Non». Tazama dirisha hilo kwa makini. Likiuliza ndiyo au hapana tu, akaunti uliyomo ni ya msimamizi. Likidai neno la siri la mtu mwingine, basi akaunti hiyo ni ya kawaida, na hakuna hila ya kubofya itakayoibadilisha. Ukitaka uhakika, fungua dirisha la amri uandike whoami /groups, kisha tafuta mistari miwili: S-1-5-32-544, ambao ni kundi la wasimamizi, na ule unaoanza na S-1-16. Ukikuta S-1-16-8192, umeshika kadi ya kawaida. Ukikuta S-1-16-12288, umeshika ile yenye nguvu.

Nakupa namba hizo kwa makusudi. Mashine zetu nyingi zinaongea Kifaransa, na mafunzo mengi utakayoyakuta kwenye video yametengenezwa kwa Windows ya Kiingereza. Utaandika net localgroup administrators, ili uone walio kwenye kundi la wasimamizi, kama ulivyoona, nayo itakujibu kosa 1376, kwamba kundi hilo halipo. Kundi lipo, ila hapa linaitwa «Administrateurs». Vivyo hivyo takeown, amri ya kuchukua umiliki: ukiweka /d y itakataa, kwa kuwa kwa Kifaransa inangoja herufi o, ya «oui». Nimeona vijana wakifuta mfumo mzima kwa sababu ya herufi moja. Majina hubadilika kwa lugha, namba hazibadiliki. Kwa icacls, amri ya kupanga ruhusa, unaweza kuandika *S-1-5-32-544 mahali pa jina la kundi, na amri itafanya kazi ileile kwenye mashine iliyotoka Dubai, Ubelgiji au Afrika Kusini.

Na kwa kuwa nimetaja zinakotoka: kabla ya kusema neno la siri limekataliwa, tazama alama ya kibodi kwenye skrini ya kuingilia. Mashine ikidhani ina AZERTY, kibodi ya Kifaransa, na vitufe vyako ni QWERTY, ile ya Kiingereza, kila a inakuwa q, na tarakimu nazo zinageuka alama. Mteja ataapa kwamba neno lake ni sahihi, naye atakuwa anasema kweli.

Sasa tufike kwenye kazi utakayoipata kila juma. Mashine imeungua, diski imepona, mteja anataka picha na hesabu zake. Unachomoa diski, unaiunganisha kwenye mashine nyingine, unafika kwenye folda ya mtumiaji, unaambiwa huna ruhusa. Ukitazama mmiliki, hukuti jina. Unakuta mkia mrefu unaoanza S-1-5-21 na kuishia pengine 1001. Usiogope mkia huo, ni mtu. Windows haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba hiyo. Ni kama Ilunga wawili wa mtaa mmoja kule Katuba: unawaita kwa jina lilelile, lakini kila mmoja ana kadi yake ya mpiga kura. Ukifungua akaunti mpya na kuipa jina la zamani, kwa Windows huyo ni Ilunga mwingine kabisa, na hatapewa mzigo wa yule wa kwanza.

Dirisha litakuambia ubofye «Continuer», yaani endelea. Ujue kwamba kitufe hicho hakikupi mwanga wa kuchungulia tu. Kinakuandika wewe kwenye orodha ya ruhusa za folda ile, na unabaki humo. Kwa diski ambayo mfumo wake umeshakufa si neno. Kwa diski itakayorudi kwenye mashine yake, andika ruhusa zilizopo kwanza. Tuseme folda ni D:\Kazi na E: ni diski yako ya akiba: icacls D:\Kazi /save E:\ruhusa.txt /t. Siku ya kurudisha, wengi hukwama kwa sababu wanaitaja folda yenyewe. Taja iliyo juu yake: icacls D:\ /restore E:\ruhusa.txt. Faili hiyo ndogo ya maandishi ingeniokoa siku ile ya mama mhasibu.

Ukishaandika, chukua umiliki wa folda unayoihitaji peke yake, jipe ruhusa ya kusoma, nakili, basi. Faili za mfumo zinazomilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe, ziache kabisa. Na ukikuta diski imesimbwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, habari ya ruhusa imekwisha. Hapo kinachotakiwa ni ufunguo wa tarakimu 48. Muulize mteja kwa upole kama ana akaunti ya Microsoft, kwa kuwa ufunguo mara nyingi huhifadhiwa humo bila yeye kujua. Asipoupata, mwambie ukweli siku hiyohiyo, usimpe matumaini ya "rudi kesho".

Kuna makosa yanayovaa nguo za ruhusa na si ya ruhusa. Flashi nyingi hupanga faili kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haihifadhi wamiliki kabisa. Flashi ikikataa kuandikwa, tazama kitufe cha kufunga pembeni mwa kadi, au ujue inakufa, uokoe kilichomo haraka. Folda zikiwa zimegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi cha flashi: safisha kwanza, kisha attrib -s -h -r na /s /d uzirudishe folda machoni. Na mteja akisema programu fulani inakataa kuhifadhi kwenye «Documents» ilhali folda inafunguka vizuri, nenda kwenye usalama wa Windows utazame «Accès contrôlé aux dossiers». Ulinzi huo huzuia programu, haumzuii mtu, kwa hiyo utabadilisha ruhusa za folda mpaka jioni bila kufika popote.

Jambo moja sitaki ulichukulie kirahisi. Mashine zinatufikia kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni za migodi, wa mashirika, wa shule. Ukiona maneno kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika, au jina la kikoa, yaani mtandao wa kazini, kwenye skrini ya kuingilia, simama. Njia za kujifanya msimamizi kwa kupitia diski ya kusakinishia zipo, utazijua mapema kuliko unavyodhani. Lakini aliyeileta si mwenye mashine. Mwambie hivi, "Baba, hii tuipeleke kwa msimamizi wa kazini kwako, mimi naweza kumwandikia kosa nililoliona." Wengine watanuna, wataipeleka kwa jirani. Waache waende. Mashine ya mitumba ikionyesha maneno hayo, mteja amrudie aliyemwuzia, tena siku hiyohiyo, maana mara nyingine hata kuipangusa na kusakinisha upya hakufuti jina la shirika lililoiandikisha.

Ukimaliza ya mteja wako halali, rudisha ulivyokuta: toa jina lako kwenye folda, futa akaunti uliyoifungua kwa majaribio, mwachie akaunti yake ya kila siku. Kisha mpishe kwenye kiti. Aingie mwenyewe kwa neno lake la siri, wewe ukitazama pembeni, afungue ile faili iliyomleta, aandike neno moja, aihifadhi, aifunge, aifungue tena. Neno likiwepo, mpe mashine na chaja yake.