Muulize Mwalimu: Binti yangu kapangiwa Mlale

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwezi huu wa tano na jina lake limetoka kwenye orodha ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kapangiwa kambi ya Mlale, Ruvuma. Hajawahi kulala nje ya Dodoma, hata bweni alilosoma lilikuwa hapa hapa mjini. Baba yake anasema jeshi litamkomaza. Shangazi yake anasema huko watoto wanateswa na wanarudi jeuri. Mimi silali. Niambie ukweli, na nimnunulie nini? Mama wa Kikuyu, Dodoma.*

Marahaba, mama. Nianze na wifi yako kisha tumwache apumzike: muulize yeye alipita kambi gani. Mimi nilikwenda mwaka 1987, enzi ambazo aliyemaliza kidato cha sita alikaa mwaka mzima, siyo miezi mitatu hii ya sasa. Mpango ukasimama mwaka 1994, ukarudi 2013, na mwanangu wa pili akaangukia humo. Kwa hiyo nimekuwa kuruta na nimekuwa mama wa kuruta. Cha pili ndicho kigumu, hilo nakupa bila kupepesa macho.

Malalamiko yenyewe siyo mageni. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kuyapinga masharti ya kwenda JKT. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Baba yangu, aliyekuwa karani wa reli hapa Dodoma, alikuwa akikisimulia kisa hicho kila niliponuna.

Sasa binti. Atafika amechoka na safari: Iringa, Makambako, Njombe, Songea. Simu ataiaga. Nywele zitakatwa, kwa hiyo usipoteze hela kumsuka. Ataitwa kuruta, naye kila aliye juu yake atamwita afande. Atalala kwenye hanga, yaani bweni la kambini, pamoja na wasichana wengi kuliko aliopata kuwaona bwenini, mmoja wa Kagera, mwingine wa Mtwara, mwingine wa Unguja. Najua ungependa apelekwe kambi ya Makutupora hapa Dodoma, umpelekee maandazi Jumapili. Lakini kuwachanganya vijana wa mikoa yote ndiyo kazi JKT iliyopewa tangu ilipoanzishwa Julai 10, 1963. Rafiki yangu wa miaka karibu arobaini ni Mngoni wa Songea niliyegombana naye siku ya tatu kwa sababu ya ndoo.

Filimbi inapigwa giza halijatoka. Mchakamchaka, nyimbo, uji, kisha kwata, yaani mazoezi ya gwaride, mpaka jua liwe utosini. Mchana ugali na maharage, kesho ugali na maharage. Kuna fatiki, yaani kazi za mikono: kufyeka, kubeba kuni, kulima, kusafisha mazingira. Kuna darasani, uzalendo na huduma ya kwanza. Kuna silaha: atajifunza kuifungua bunduki na kuifunga tena, na kabla ya kumaliza atalengeshwa shabaha. Wasichana wengi wapole nimewasikia wakisema hiyo ndiyo siku waliyoipenda.

Kinachowavunja si bunduki wala maharage. Ni usingizi. Usiku unaamshwa kushika zamu ya lindo, unasimama mahali unapoonyeshwa, unaangalia giza, na filimbi ya alfajiri haikusubiri eti ulikuwa lindoni. Nimewahi kulala nimesimama kwenye mstari wa chakula, sahani mkononi, nikazinduka mstari umesogea na nyuma yangu watu wanacheka. Na hakuna pa kuwa peke yako, hata dakika mbili za kulia. Wiki mbili za kwanza atakuwa na hakika kwamba mmemtupa. Wiki ya tano atakuwa anaongoza wimbo. Usimpime kwa salamu za mwanzo.

Kuhusu kuteswa. Adhabu zipo: kuruka kichura, pushapu, kugaragara. Hazina heshima kwa umri wala kwa alama za mtihani, na mara nyingi kosa ni la mmoja na adhabu ya kombania nzima, yaani kundi lake lote. Hilo mwambie mapema ili asidhani kaonewa peke yake. Lakini yapo mawili ambayo binti hapaswi kuyavumilia, nami nayaandika waziwazi. Akiumwa aseme, asione aibu. Na akiitwa usiku, peke yake, na mwanamume yeyote hata awe na cheo gani, aende na mwenzake au aende kwanza kwa afande wa kike. Maneno haya mwambie wewe mama yake, kwa mdomo wako, kabla hajapanda basi.

La kuumwa nalisema kwa sababu lilinikuta. Baba alininunulia raba jioni ya kuamkia safari, mpya kabisa, saizi yangu barabara. Siku ya nne visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge makubwa kama zabibu za Hombolo. Nikanyamaza, nikiogopa kuitwa mtegaji. Siku ya sita yakapasuka na soksi ikaganda kwenye kidonda. Kambi siitaji, lakini afande aliyeniona nachechemea alinizungusha uwanja mara tatu kwa kosa la kuchechemea. Aliyeniokoa ni msichana wa Mpwapwa. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, kikavu, akasugua kisigino cha soksi kwa ndani mpaka kikawa cheupe na kinateleza, akaniambia nivae hivyo kila alfajiri. Kidonda kikapona ndani ya kiatu, mguu ukiendelea kukimbia.

Kwa hiyo kwenye manunuzi anza na raba. Zitakiwazo ni za michezo, za kijani au bluu. Nunua leo, zizidi saizi kidogo, na kuanzia kesho avae humo ndani anapoosha vyombo, avae akitumwa sokoni Majengo, aende nazo mpaka Chang'ombe na kurudi kwa miguu. Sabuni ya mche mtilie kipande.

Vingine vimo kwenye tangazo, ila watu wanalisoma kwa haraka. Bukta ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, ifike magotini. Fulana ya kijani. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi, nami naongeza: pea nne, si mbili, maana hazikauki. Nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, na binti yako ni mmojawao. Sisi wa Dodoma tunadhani upepo wa Juni unaopita Nkuhungu ndio baridi. Atakapofika Njombe basi likisimama wachimbe dawa, atajua. Mitumba ya sweta nzito ipo tele, mradi isiwe na maua na vipepeo.

Nauli ni ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi ishonee kwenye pindo la begi.

Na vyeti. Hapa wazazi wengi wanateleza. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, binti akiwa bado kambini, na maombi ya vyuo na mikopo yanafuatia. Ndiyo maana tangazo linawataka waende na nyaraka za udahili: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne. Bodi ya mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, basi hilo lifanyeni kabla hajaondoka, siyo Agosti mnapigiana simu. Toa nakala, nyingine ibaki kwako kabatini.

Jeuri? Wa kwangu alirudi anatandika kitanda na kuniita afande. Ilidumu wiki tatu. Kutandika kukaisha kwanza.

*Mwalimu, nipo kidato cha tano Kongwa. Nataka kuwa ofisa wa jeshi. Nikimaliza ile miezi mitatu nitachukuliwa moja kwa moja? Kijana wa Kongwa.*

Hapana, mwanangu. Miezi mitatu ni ya mujibu wa sheria, yaani unatimiza wajibu, si kuajiriwa. Unamaliza, mnapiga gwaride, unarudi nyumbani. Wapo vijana wa kujitolea wanaokaa miaka miwili, na wengi wanaoingia jeshini wamepitia njia hiyo, lakini hata wao JKT huwaambia tangu mwanzo kwamba haitoi ajira, inatoa mafunzo. Maofisa wanafunzwa chuo cha Monduli, Arusha, na ili ufike huko usaili ni mkali na vyeti vinasomwa. Rudi kwenye vitabu. Na yeyote atakayekuomba hela "akuingize", hata kama ni mjomba, mkimbie kwa mwendo wa mchakamchaka.

*Mwanangu ana ulemavu wa mguu na jina limetoka. Nimzuie? Baba wa Manyoni.*

Usimzuie. Vijana wenye ulemavu wa kuonekana huelekezwa kuripoti Ruvu JKT, Mlandizi, mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu yao, hata kama kwenye orodha kapangiwa kwingine. Soma vizuri tangazo la mwaka huu kabla ya kukata tiketi. Kama anatembelea gongo, aende na la akiba, na mipira miwili ya chini, kwa sababu ile inalika upesi kwenye mchanga.